Jikaze au Jilegeze? Majibu kwa Wakimbiaji wa Masafa Marefu

Barua za safari hii zimetoka Dar es Salaam, Moshi, Nairobi, Singida, Tanga, Muscat na Mwanza. Kila mwandishi ana shida yake, lakini swali lililo chini yake ni lilelile: miguu ipo, pumzi ipo, mbona kichwa kinakata mapema?

Shikamooni. Mimi ni mama wa miaka 38, nakimbia na klabu yetu ya jogingi mara tatu kwa wiki. Nusu marathoni namaliza, lakini kila mara nikifika kilomita ya 15 au 16 kichwa kinaniambia nitembee. Wenzangu wananipigia kelele "Jikaze!" Nikijikaza ndiyo nachoka zaidi. Je, mimi nina moyo mwepesi? (Msomaji, Kawe, Dar es Salaam)

Marahaba, mama. Moyo wako hauna kasoro. Tuanze na saa yako. Chukua muda wa kilomita tano za kwanza za mbio zako zilizopita, uulinganishe na wa tano za mwisho. Kama za kwanza ulikwenda dakika 6:10 kila moja na za mwisho 7:00, shida haikuanzia kilomita ya 15. Ilianzia pale mlipoachiwa, ukachukuliwa na msafara wa watu waliochangamka. Ubongo hulinganisha juhudi unayoihisi sasa na umbali uliobaki. Ukiwa umeshachoka hivyo na bado kilomita sita, ile sauti ya "tembea" si woga, ni hesabu.

Jifunze basi kupima juhudi kwa namba, 0 hadi 10. Kipimo hiki kina asili katika kazi ya mwanasaikolojia Gunnar Borg wa Sweden na makocha wengi wanakitumia. Sifuri umekaa kwenye kiti. Kumi huwezi kuongeza hata hatua. Katika nusu marathoni, kilomita tano za mwanzo zisizidi 5, yaani unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Kuanzia ya 6 hadi ya 14 iwe 6, maneno manne au matano kwa pumzi moja. Ya 15 hadi ya 19 ni 7 kwenda 8. Zilizobaki, toa ulichonacho. Jiulize namba hiyo kila kilomita kabla ya kutazama saa, si baada. Ukitangulia kuangalia saa, saa ndiyo itakayokujibia.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kukaza ni kubana: unakaza kamba, unakaza nati. Mkimbiaji akiambiwa ajikaze, mwili hutii kama ulivyosikia. Taya hubana, mabega hupanda kuelekea masikioni, ngumi hufungwa, pumzi inaishia juu ya kifua. Misuli yote hiyo inakula oksijeni na haikusogezi mbele hata sentimita moja. Mwaka 2018 watafiti wa Ireland Kaskazini walichapisha jaribio la wakimbiaji 24 waliokimbia vipande vya dakika sita sita kwa kasi moja, mara wakitabasamu, mara wakikunja uso. Walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 2 kuliko walipokunja uso. Eliud Kipchoge naye amekwisha kueleza kwamba lile tabasamu lake la kilomita za mwisho ni la makusudi, ili alegee na ayapite maumivu. Kwa hiyo wakikupigia kelele ujikaze, wewe jilegeze.

Fanya hivi kila ukipita kibao cha kilomita. Shuka na mwili kutoka juu. Kunjua paji la uso. Gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, taya litajiachia. Angusha mabega. Shika vidole kana kwamba umebeba kifaranga kila mkono. Kisha toa pumzi moja ndefu hadi iishe. Ni sekunde kumi tu. Mwanzoni utasahau nusu ya vibao, hilo ni la kawaida. Baada ya wiki tatu nne mwili utaanza kujikagua wenyewe.

Halafu kuna maneno unayojiambia. Katika jaribio la mwaka 2014, watu 24 waliendesha baiskeli ya maabara hadi wakashindwa kabisa. Baadhi yao wakafundishwa kwa wiki mbili kuchagua maneno ya kujisemesha na kuyatumia. Waliporudi, muda wao wa kuvumilia ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 18. Wale ambao hawakufundishwa hawakupata nyongeza hiyo. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, wa baiskeli pia, uligundua kuwa waliojisemesha kana kwamba wanamsemesha mwenzao, "unaweza", walimaliza kilomita 10 haraka kuliko waliosema "naweza". Kwetu sisi tofauti ni silabi moja, na haina gharama kuijaribu.

Chagua maneno manne, uyaandike kwenye karatasi. Mawili yawe ya kukutuliza, kwa sehemu ya katikati: "Taratibu, uko sawa." Mawili yawe ya kukusukuma mwishoni: "Hapa umeshapita." Yawe ya kweli. "Sichoki" ni uongo, na mguu unaujua. Yazoeshe siku ya mazoezi ya kasi: kimbia dakika 3 kwa juhudi ya 8, pumzika kwa kutembea dakika 2, rudia mara 6, na neno lako litumie dakika ya tatu tu, pale linapohitajika. Makosa tunayoyaona sana ni mawili: mtu anabeba maneno kumi asikumbuke hata moja, au anayatumia kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Jipe wiki sita.

Habari za kazi. Nakimbia marathoni nzima ya Kilimanjaro hapa Moshi. Kama mnavyojua, sehemu ya kwanza ni tambarare kwenye barabara ya Dar es Salaam, halafu unarudi mjini na kuanza kupanda mlima wa kuelekea Mweka, na kugeuza ni karibu kilomita ya 32. Mara ya mwisho niliutembea mlima karibu wote. Mapafu yalikuwa mazuri, ila nilikata tamaa, hata kulia nililia. Nifanye nini kichwa kiwe kigumu? (Kijana wa Soweto, Moshi)

Kaka, kabla ya kukilaumu kichwa, ulikula nini njiani? Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unatosha takriban dakika 90 hadi 120 za mwendo wa mbio. Ukiisha, sukari ya damu inashuka, na wa kwanza kulalamika ni ubongo, kwa sababu ndio unaoitegemea zaidi. Huzuni ya ghafla, hasira kwa watu wa maji, machozi, kuona mambo yote hayana maana: dalili hizi za njaa watu huziita udhaifu wa moyo. Na wewe Mweka inakukuta baada ya saa mbili barabarani, yaani pale pale akiba inapokwisha.

Unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 30, kabla njaa haijasema. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Nusu lita ya maji yenye vijiko vikubwa viwili vya sukari, vya kusawazisha juu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ina gramu 25 pia. Ndizi moja na chupa moja ya namna hiyo kwa saa vinakufikisha 50. Ukizidisha sukari, kinywaji kinakaa tumboni na kukuletea kichefuchefu, hasa mlimani ambako damu nyingi imekwenda miguuni. Jaribu kwenye mbio ndefu tatu au nne za mazoezi kwanza. Tumbo nalo hufundishwa.

La pili ni mpangilio wa mazoezi. Wengi wanaufanyia mazoezi mlima asubuhi na mapema wakiwa wabichi, wanaupanda vizuri, wanajisifu. Siku ya mbio mlima ni uleule, mtu siye yule. Panda ukiwa umechoka. Kila baada ya wiki mbili, mbio yako ndefu iwe ya vipande viwili bila kusimama: anza kilomita 14 tambarare na 4 za kupanda, kisha 16 na 6, kisha 18 na 8, mwisho 20 na 8. Ya mwisho kabisa iwe wiki tatu kabla ya mbio. Baada ya hapo punguza. Kwenye kupanda sahau kasi, shika juhudi ya 7. Mtu anayekwenda dakika 5:30 tambarare akipanda kwa 6:45 hajashindwa na chochote. Akilazimisha 5:30 mlimani, atalipa kabla ya kugeuza.

La tatu ni mpango wa "ikiwa, basi". Kichwa kilichochoka hakibuni kitu kizuri, kwa hiyo kibunie mapema. Andika nyumbani, kwa kalamu: Ikiwa miguu itanilazimisha kutembea, basi nitatembea hatua 40 nikizihesabu, kisha nitakimbia 200. Ikiwa mtu atanipita, basi nitaangusha mabega na kujiuliza namba ya juhudi. Ikiwa tumbo litachafuka, basi kituo kinachofuata nitakunywa maji matupu. Ikiwa nitawaza kilele, basi nitachagua mgomba au nguzo ya umeme iliyo mita 100 mbele na kwenda hadi hapo tu. Mipango minne mitano inatosha. Isome usiku wa kuamkia mbio na asubuhi yake.

Na usione aibu kuanza nyuma. Mwenda pole hajikwai. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Petros alikuwa mbele hadi karibu na utepe, na tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Kumsogelea mtu namna ile baada ya kilomita 42 kunahitaji akiba ambayo mwanzoni hukuichezea.

Hamjambo. Mimi ni mhasibu hapa Nairobi. Jumamosi asubuhi nakimbia vizuri sana. Jumatano jioni baada ya kazi, mazoezi yale yale ya kasi yananishinda, na siku nzima nilikuwa nimeketi tu. Ni uvivu? (Msomaji, Nairobi)

Hatujambo. Si uvivu. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio la watu 16 walioendesha baiskeli hadi kushindwa, mara mbili. Kabla ya mara moja walifanya kazi ngumu ya kompyuta kwa dakika 90. Kabla ya nyingine walitazama filamu za kawaida. Baada ya filamu walidumu wastani wa sekunde 754. Baada ya kompyuta, 640. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza pengo hilo. Kilichopanda ni hisia ya juhudi: mzigo uleule ulionekana mzito tangu dakika za mwanzo. Wewe unakaa na tarakimu kwa muda wa saa nane, halafu unashangaa.

Hamisha mazoezi magumu. Yapeleke alfajiri, na Jumatano jioni uweke mbio nyepesi. Ukiwa huna asubuhi, kati ya ofisi na uwanja jipe dakika 20 za kufumba macho bila simu. Simu si mapumziko, ni kompyuta nyingine. Kisha kimbia dakika 15 polepole na ujiulize: mwendo huu mwepesi nauhisi ngapi? Ukiwa 3 au 4, endelea na mazoezi ya kasi. Ukizidi 5, fanya nusu ya marudio uliyopanga uende nyumbani. Siku za kufunga hesabu za mwezi usipange kasi kabisa.

Mara moja kila wiki mbili, hata hivyo, toka ofisini ukiwa umechoka hivyo hivyo ukimbie dakika 40 au 50 nyepesi, kwa makusudi. Lengo ni ubongo uzoee kufanya kazi ukiwa mzito. Usiongeze kasi siku hiyo, na usifanye zaidi ya mara moja, maana uchovu wa namna hii hujilimbikiza na usingizi ndio wa kwanza kuharibika.

Ndugu wahariri, mwanangu ana miaka 15, anajiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mita 3000. Anasema ugoko wa kushoto unamuuma. Mwalimu wao anasema maumivu ni akili, mwanariadha wa kweli hasikii. Pia wakichelewa wanazungushwa uwanja mara 20 kama adhabu, ati wawe wagumu. Nimshauri nini? (Mzazi, Singida)

Mzazi mwenzetu, asante kwa kuandika, na tafadhali lifanyie kazi hili wiki hii, usisubiri.

Muombe mtoto akae, abonyeze ugoko kwa kidole kimoja kutoka chini ya goti hadi kifundo. Kama uchungu umeenea kwenye eneo refu la upande wa ndani, unapungua akipasha misuli moto, unarudi baadaye, mara nyingi ni mkazo wa misuli na ngozi ya mfupa: apumzike kukimbia wiki moja au mbili, aogelee au aendeshe baiskeli, arudi taratibu kwenye nyasi. Lakini kama kuna sehemu moja ndogo, kama sarafu, inayouma ikiguswa, kama anaumia akiruka kwa mguu huo mmoja, au kama unauma usiku akiwa amelala, asikimbie hata mzunguko mmoja. Mpeleke hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Na muwe macho: picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo inaweza isionyeshe kitu ilhali ufa upo, kwa hiyo picha safi pekee isiwe ruhusa ya kurudi uwanjani. Ufa mdogo ukipumzishwa mapema huchukua wiki sita hadi nane. Ukikimbiwa juu yake, mfupa unaweza kukatika kabisa.

Mwalimu ana haki ya kudai uvumilivu, ila kuna vitu viwili vinavyoitwa jina moja. Mapaja yanayowaka, pumzi fupi, kutamani kupunguza: hiyo ni juhudi, huja na kasi na huondoka dakika chache baada ya kusimama. Hiyo ndiyo akili hufundishwa kukaa nayo. Maumivu yaliyo sehemu moja, ya upande mmoja, yanayozidi kadiri anavyokimbia na kumfanya achechemee ni taarifa kutoka kwenye mfupa au kano. Mtoto aliyefundishwa kuizima taarifa hiyo hajawa mgumu, amepofushwa.

Kuhusu adhabu ya kuzunguka uwanja, tunasema bila kuzunguka: ni vibaya. Mizunguko 20 ya mita 400 ni kilomita 8 zisizo kwenye mpango wowote, juu ya miguu ambayo kesho ina mazoezi. Na kila mzunguko unamfundisha mtoto kwamba kukimbia ni kitu unachofanyiwa ukikosea. Ukimkuta ana miaka 20 hataki kuona raba, usiulize kwa nini. Mwalimu anayetaka watoto wagumu awape kazi yenye mwisho unaojulikana, kama mita 400 mara 6 na mapumziko ya dakika 2, na amri moja: ya sita isizidi ya kwanza kwa zaidi ya sekunde 2. Hapo mtoto anajifunza kujizuia mwanzoni na kubaki mtulivu mwishoni. Nenda ukaongee naye kwa heshima, ukiwa na barua ya daktari mkononi.

Je, kusikiliza muziki wakati wa kukimbia kunasaidia au kunadhoofisha akili? (Msomaji, Tanga)

Kunasaidia kwenye mwendo mwepesi na wa kati; juhudi unayoihisi hupungua. Kadiri unavyokaribia 8 au 9 msaada unapungua, kwa sababu mwili unapiga kelele kuliko wimbo. Tatizo ni la yule asiyeweza kukimbia bila muziki, maana siku betri ikiisha kilomita ya 12 amebaki na mgeni asiyemjua, yaani yeye mwenyewe. Mbio nyepesi sikiliza, mazoezi ya kasi na nusu ya mwisho ya mbio ndefu vua. Barabarani penye magari na bodaboda acha sikio moja wazi.

Asalaam aleikum. Nafanya kazi Muscat, nyumbani ni Unguja. Najiandaa na nusu marathoni. Nakimbia mchana wa joto kwa makusudi, ili siku ya mbio akili isitishike. Juzi nilishikwa na kizunguzungu lakini nikajilazimisha kumaliza. Niko sahihi? (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salaam. Hapana, ndugu yetu, na tunaomba uache leo. Juhudi unaweza kuizoea kwa akili. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo wenyewe unaweza kuharibika, na huo ndio ungetumia kuvumilia.

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14, na njia ni upole. Anza dakika 20 hadi 30 alfajiri au baada ya jua kuzama, juhudi isizidi 4, ongeza dakika 5 kila siku mbili, na kasi usiitazame. Jipime uzito kabla na baada, bila nguo zenye jasho: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, nayo ni hatari. Maji mengi yanazimua chumvi ya damu na kuleta kichwa kuuma, kutapika, hata degedege.

Usikimbie peke yako. Mtu anayeshikwa na joto hana habari, yeye anajiona shujaa. Mwenzako akuulize kila dakika 15 leo ni siku gani, na uhesabu kutoka 20 kurudi nyuma kwa tatu tatu. Ukikosea, ukiyumba, ukijibu ovyo, mazoezi yamekwisha. Msidanganywe na jasho. Wakimbiaji wengi huanguka wakiwa bado wanatoka jasho. Mgonjwa wa namna hiyo apozwe kwanza pale pale, kivulini, amwagiwe maji mwili mzima au azamishwe kwenye beseni la maji baridi huku kichwa kikishikwa nje, barafu shingoni na kwapani, apepewe, na gari la hospitali liitwe wakati kupoza kunaendelea.

Niliacha marathoni njiani kilomita ya 27. Nilikuwa na malengelenge na nilichoka, sikuumia. Tangu hapo naogopa hata kujiandikisha. Watu wananitania kwa jina la John Stephen Akhwari. Nitarudije? (Msomaji, Mwanza)

Pole sana. Watu wanaokutania wanakumbuka nusu ya habari. Ni kweli Mtanzania Akhwari alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City, Oktoba 1968, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji akaendelea hadi mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Inastahili heshima yote iliyopewa. Lakini Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alitoka kwenye marathoni ya Paris Agosti 2024 baada ya kilomita 30 hivi, akiwa na maumivu ya mgongo. Hakuna mwenye akili anayesema Kipchoge hana moyo. Kuacha ni uamuzi, na uamuzi unaweza kuwa mzuri au mbaya. Wewe unahitaji kujua wako ulikuwa upi.

Chukua karatasi, ugawe sehemu tatu: mwili, mpango, kichwa. Kwenye mwili andika ukweli mtupu: malengelenge yalianza kilomita ya ngapi, raba zilikuwa na wiki ngapi, soksi zilikuwa za pamba? Pamba hushika maji na kusugua. Soksi za nailoni au polyesta na mafuta ya mgando kwenye vidole huzuia sehemu kubwa ya shida hii. Kwenye mpango andika kasi ya kilomita 10 za kwanza na ulichokula. Kwenye kichwa andika sentensi uliyojiambia mara ya mwisho kabla ya kusimama, neno kwa neno. Mara nyingi makosa mawili kati ya matatu yanakuwa ya soksi na ya kasi, na yanatibika kabla ya mwezi kuisha. Hofu hupungua ikipewa jina la kitu kinachonunuliwa dukani.

Kisha weka sheria ya kuacha kabla hujaanza. Maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, maumivu ya mfupa ya sehemu moja, au mwendo uliobadilika ukawa wa kuchechemea: unasimama hapo hapo, bila majadiliano. Mengine yote hayaamuliwi njiani, yanaamuliwa kwenye kituo cha maji. Ukitamani kuacha, tembea hadi kituo kinachofuata. Kunywa, kula, kaa dakika tano ukitazama saa, funga kamba upya. Kisha tembea mita 200 kwenda mbele. Ukifika hapo bado unataka kuacha, acha, na usijitukane. Wengi wakifika hizo mita 200 wanakuta miguu imeshaanza kukimbia, kwa sababu kilichokuwa kimeisha ni sukari.

Usirudi kwenye 42 moja kwa moja. Tafuta kilomita 10 ndani ya wiki sita, halafu nusu marathoni baada ya miezi mitatu, na katika zote mbili kimbia chini ya uwezo wako, juhudi ya 6 hadi mwisho. Soksi mpya zivae kwanza kwenye mbio mbili za mazoezi zenye urefu wa kilomita 12 au zaidi, na mafuta ya mgando uyapake usiku mmoja kabla na tena asubuhi.